Pikapu ya Mafuta ya Nazi

Ilianza Jumatatu, tarehe kumi na mbili Julai mwaka 1993, saa kumi na moja kasorobo za jioni. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi skuli, hata viatu sijavua, Baba akaingia na bahasha ya rangi ya kaki akaiweka mapajani pangu taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Soma," akasema. Kisha akainyanyua tena. "La, ngoja. Nimwite mjomba wako kwanza."

Baba hakujua kusoma hati ya kizungu. Alisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, alizofunzwa chuo cha Kurani utotoni, na kwa herufi hizo aliandika kila kitu chake pale gereji: vipuri, majina ya wateja, vipimo vya mafuta. Barua za serikali zilikuwa kazi yangu mimi, binti yake, tangu niko darasa la tano. Alikuwa na sharti moja tu. Barua husomwa, haielezwi. Nisome kilichoandikwa, nisitie neno langu, wala nisikunje uso. Akitaka rai yangu ataniuliza. Hakuwahi kuniuliza, nami nilishukuru, maana mimi ni mtu wa haya. Mpaka leo nikiitwa darasani hutazama dawati. Mengi ambayo ningepaswa kuwaambia watu yamebaki ndani ya madaftari.

Mjomba alikuja. Yeye ni kakake Mama, kazi yake ni kuhesabu mizigo bandarini, na hawezi kunyamaza hata akiwa na tonge mdomoni.

"Wamekuandikia? Serikali? Wewe?" akasema. "Basi wameishiwa na watu."

"Nyamaza asome," Baba akamwambia.

Nikasoma. Barua ilikuwa kwa Kiswahili, kwa kuwa sisi tuliwaandikia kwa Kiswahili. Ilisema wizara inatafuta njia za kupunguza moshi wa magari na hewa chafu ya kaboni, na kwamba ingependa kuona mafuta yanayoota hapa nchini yakitumika badala ya haya ya kuchimbwa, kama ilivyokwisha jaribiwa bara kuchanganya petroli na spiriti ya miwa. Walikuwa wamesoma maelezo ya Baba. Walimwomba alete gari lake kwenye ua wa wizara, Nairobi, siku ya Alhamisi saa nne za asubuhi, maafisa walitazame.

Baba aliniambia nisome mara ya pili. Nilipomaliza alikuwa anatazama dirishani, akilipitisha dole gumba kwenye kope.

Sharti nieleze hilo gari. Gereji ya Baba ilikuwa Mbaraki, mlango mmoja, na kazi yake ilikuwa injini za dizeli. Miaka mitatu kabla ya barua hiyo alianza kutia mafuta ya mbata katika tanki la pikapu yake. Mbata ni nazi iliyokaushwa, na mafuta yake ya mkamuo wa mwisho, yale yasiyofaa kwa kupikia wala kwa nywele, alikuwa akiyapata kwa mwenye kinu. Aliyachuja kwa kitambaa cha kanzu kuukuu. Alianza kwa kuchanganya kidogo na dizeli, kisha nusu kwa nusu, kisha dizeli ikawa kidogo kuliko nazi. Pikapu ikaenda. Ilikwenda vizuri, ila ilinuka vitumbua. Kina mama wa Mji wa Kale walikuwa wakijua Baba amepita kabla hawajachungulia, na watoto walimwita Fundi Vitumbua. Alikuwa akiwajibu kwa honi, lakini nyumbani nilimsikia akimwambia Mama, "Wacha wacheke. Siku moja wataniita kwa jina langu."

Moshi wake haukuwa mweusi. Hilo ndilo lililokuwa fahari yake. Ijumaa baada ya sala, akiwa na kanzu yake nyeupe, alisimama nyuma ya bomba la moshi, akamwambia mtu apige injini na kukanyaga mafuta, kisha akageuka huku na huku watu waikague kanzu. Mama alichukizwa sana na mchezo huo, maana kanzu ile alikuwa akiifua yeye. Redio iliposema serikali inataka maarifa ya kupunguza moshi, Baba aliniita usiku uleule. Maneno aliyonipa niandike bado nayakumbuka: "Bwana, moshi wa gari hili hauchafui kanzu. Njooni mwone au niiteni nije."

Na sasa walikuwa wamemwita.

Jumatatu hiyo nyumba yetu haikuwa na habari nyingine isipokuwa baridi. Nairobi mwezi wa saba! Mama alikuwa akiogopa kifua cha Baba, ambacho hata upepo wa kusi wa kwetu hukikoroga. Akaenda kwa jirani aliyewahi kuwa baharia akaazima koti zito la sufu, jeusi, linalofika magotini. Baba alilijaribu sebuleni.

"Umekuwa kama dubu," Mjomba akasema.

"Dubu mwenye afya," Mama akajibu. "Funga vifungo vyote, nione."

Walikuwa wakicheka wote watatu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sikucheka nao, kwa sababu nilikuwa najua kitu.

Mwezi wa sita mwalimu wetu wa kemia, mwanamke kijana kutoka bara, alituletea mafuta ya nazi darasani. Aliyatia katika kichupa cha maabara, akakizamisha ndani ya maji ya barafu pamoja na kipimajoto. Tulitazama. Yalipofika kama digrii ishirini na nne yalianza kuwa ukungu, kisha yakawa meupe, kisha yakaganda kabisa, ukikigeuza kichupa hayamwagiki. Mwalimu akacheka: "Nyinyi huku mnadhani haya ni maji. Kwetu mwezi wa saba mafuta ya nywele huyachota kwa ncha ya kijiko." Niliandika maneno hayo kwa sababu yalinifurahisha. Sikuyafikiria zaidi mpaka lilipoletwa koti lile.

Hata sisi tunajua kwamba mafuta ya nazi huganda. Asubuhi za kipupwe chupa ya Mama huwa na weupe chini, huiweka kwenye ngazi ya mlango, jua likiipiga kidogo tu yanakuwa maji. Baba pia alijua. Miezi ya kusi aliielekeza pikapu upande wa jua na hakuiwasha mpaka saa mbili. Kwake yeye baridi ilikuwa kitu cha kungojea kidogo tu, kikaondoka. Nairobi aliwahi kufika mara moja, ujanani, mwezi wa Januari. Nadhani kila mtu wa pwani angefanya kosa hilo. Ile baridi ya bara tuliiogopea vifua vyetu. Hakuna aliyefikiri kwamba gari nalo lingehitaji koti.

Jumanne nilinuia kusema. Mama alinipa chakula cha mchana nimpelekee Baba gereji, kwa kuwa skuli tulitoka mapema, na njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno: Baba, mwalimu amesema mafuta ya nazi huganda digrii ishirini na nne, na Nairobi usiku hushuka chini sana ya hapo. Ni maneno machache. Niliyasema kwa sauti nilipokuwa nikipita Makadara, mwuza kahawa mmoja akanitazama.

Nilipofika, Baba alikuwa na wanaume wanne. Mjomba alikuwa miongoni mwao, na madereva wa malori waliokuja kumtakia heri. Pikapu ilikuwa imeoshwa hadi magurudumu.

"Fundi," dereva mmoja akasema, "ukirudi waziri usitusahau. Mimi nipe ubalozi popote, bora kuwe na samaki."

"Mimi nataka Kibarani pazimwe," mwingine akasema. "Serikali inaogopa moshi wa magari, na jaa linaungua pale mchana kutwa, ukivuka Makupa machozi yanakutoka kama umefiwa!"

"Kwanza vitumbua, Kibarani baadaye," Mjomba akasema, na wote wakapasuka kicheko, hata Baba.

Kisha Baba akasema, kwa sauti nyingine, "Mimi sitaki cheo. Nataka mtu mmoja tu mwenye elimu aangalie chini ya boneti hii aseme, mzee, kweli." Akaniona. "Nini, mwanangu?"

Wote wakanigeukia. Wanaume wanne wenye mafuta mikononi, na Baba.

"Mama anauliza," nikasema, "usiku utakula wali au chapati."

"Wali," akasema. "Wali wa nazi. Nipate kuaga vizuri."

Nikaweka sinia nikaondoka.

Sitaki kujisafisha. Haya ilikuwepo, lakini haikuwa peke yake. Sikuwahi kumwona Baba vile, na nilitaka aendelee kuwa vile siku moja zaidi. Tena nilijidanganya kwamba ya darasani yalikuwa nazi tupu na ya Baba yana dizeli ndani, pengine yaliyochanganywa hayagandi. Ningeweza kumwuliza mwalimu. Jumatano nilikutana naye kwenye ukumbi, nikamwamkia, nikapita.

Lakini hata kabla ya hapo, alfajiri ya Jumatano, nilipata nafasi nyingine. Tulitoka mlangoni kumuaga Baba, na Mjomba aliyekuwa akimsindikiza, Mama akiwa na koti mkononi, mimi na chupa ya chai. Usiku ule ulikuwa wa fukuto, na pikapu ilikuwa imekwisha kuwaka; Baba alikuwa akifunga kifuniko cha tanki. Akamwambia Mjomba, "Dizeli nimetia kidogo kabisa, ya kuamshia tu. Wasije wakasema ni dizeli inayofanya kazi. Wataona nazi tupu." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumgusa mkono. Mama akaanza kusoma dua. Dua ilipokwisha, pikapu ilikuwa imekwishapinda kona, na harufu ya vitumbua imebaki uchochoroni.

Alhamisi saa nne nilikuwa katika kipindi cha hesabu. Sikuandika chochote. Saa nne na robo nilisema, labda sasa anageuka na kanzu. Saa nne na nusu nilisema, labda wanamwuliza maswali, na nani anamsomea?

Mchana Mjomba alipiga simu kwa mwenye duka la pembeni, na Mama akaitwa. Alirudi mbio. "Wazima! Wote wawili wazima, na kifua chake hakijambo!" Akakaa chini akajipepea kwa upande wa leso. Hakuwa ameuliza jambo jingine. Mimi nilielewa. Mtu aliyefanikiwa haanzi na habari za kifua.

Walirudi Jumamosi asubuhi kwa gari la moshi. Baba aliingia na koti begani, akatusalimia vizuri, akamwuliza Mama habari za jirani, akaenda chumbani. Mama akamtazama kakake.

"Pikapu iko wapi?"

"Imebaki," Mjomba akasema. "Imepata kazi serikalini."

Kufika jioni, Mjomba alikuwa ameihadithia nyumba nzima na nusu ya mtaa. Alikaa kwenye ngazi yetu, na watu wakaja mmoja mmoja. Nilisikia hadithi ile mara tatu, na kila mara ilizidi kuchekesha. Mlango wa chumba cha Baba ulikuwa wazi.

Walifika Nairobi Jumatano magharibi bila shida yoyote, injini ikiimba. Askari wa lango akawaruhusu kuiacha pikapu uani, wakaenda kulala kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi Baba alivaa kanzu yake, akavaa koti juu yake. Saa nne kamili wakatoka maafisa wanne, mmoja wao mwanamke mwenye daftari. Baba akavua koti ili kanzu ionekane, ingawa alikuwa akitetemeka, akampa Mjomba ufunguo, akaenda kusimama nyuma ya bomba.

"Nikapiga stata," Mjomba akasema. "Kimya. Nikapiga tena. Inalia kama mbuzi wa Idi. Shemeji amesimama kule nyuma na kanzu, anangoja moshi. Moshi utoke wapi?"

Baba akafungua boneti. Akafungua filta. Ndani mlikuwa na kitu cheupe, kigumu, kama siagi. Afisa mmoja akaenda kwenye tanki akachomeka kalamu yake ndani. Akaiachia. Kalamu ikasimama wima.

"Wallahi imesimama!" Mjomba akasema, na watu wa ngazini wakajipiga mapaja. "Akamwambia, mzee, ungekuja na unga tukaanga mandazi."

Maafisa walikuwa na mkutano, wakaingia ndani. Mwanamke mwenye daftari peke yake hakucheka. Aliuliza lita ngapi za nazi na ngapi za dizeli, akaandika. Baba akaomba wamngoje jua litoke. Wakamwambia jua la Julai halina ahadi, na kufika adhuhuri nafasi ile ilikuwa inahitajika kwa gari la mkubwa. Akanunua maji moto kwa mwuza chai, birika baada ya birika, akamwagia mipira ya mafuta, na kwa haraka akailazimisha injini, pampu ikavunjika ndani. Waliisukuma kwa mikono mpaka barabarani. Fundi mmoja wa huko aliichukua kwa thamani ya vipuri, wakapata nauli.

"Kaka," Mama akasema, "basi. Watu waende makwao."

Baada ya magharibi Baba aliniita. Alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, mikono juu ya magoti. Kanzu ilikuwa imetundikwa ukutani, haina doa.

"Leta kalamu na karatasi," akasema. "Tuwaandikie."

Nikakaa mkekani. Akaanza kusema nami nikaandika. Kwa mabwana wa wizara. Salamu. Mimi ni yule fundi wa Mombasa niliyekuja Alhamisi. Naomba radhi kwa kuwapotezea wakati. Mafuta ya nazi hayafai. Mimi ni mtu asiye na elimu, na niliwaandikia jambo nisilolijua.

Hapo kalamu ikakataa. Nikaiinua, nikaiweka, nikaiinua tena.

"Baba, si kweli kwamba hayafai," nikasema. "Yanafaa huku. Ni baridi tu. Yanaganda digrii ishirini na nne."

Akanitazama. Sijui kama aliwahi kusikia sentensi ndefu kiasi hicho kutoka kwangu.

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu. Alituonyesha."

"Leo?"

"Mwezi wa sita."

Nje mtu alikuwa akimwita mtoto ale. Baba akahesabu siku kwa vidole.

"Jumanne, ulipokuja gereji, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na ulikuja kuniambia."

"Nilikuja kukwambia."

"Ukasema wali."

Nilianza kulia bila sauti, karatasi nikaishika mbali ili isilowe. Baba hakunigombeza, wala hakunisogelea. Alitazama viganja vyake, akavigeuza, kama mtu anayetafuta mahali alipojikata.

"Andika," akasema mwisho. "Lile la mtu asiye na elimu liache palepale. Ongeza hapa: binti yangu wa kidato cha pili alijua mafuta haya yataganda. Mimi sikumuuliza."

"Baba..."

"Andika kama nilivyosema. Kisha nisomee."

Nikaandika. Nikamsomea kuanzia salamu, sauti ikikatika, naye akaitikia kwa kichwa mwishoni. Akachukua kalamu akatia jina lake chini, kwa herufi za Kiarabu, polepole, kila nukta mahali pake. "Kesho uitie posta," akasema, akalala akielekea ukutani.

Asubuhi yake, Jumapili, niliamka kabla ya wengine nikakaa jikoni. Niliisoma ile barua mara mbili. Niliwaza wale wanne wakiipitisha mkono kwa mkono, wakifika pale penye binti wa kidato cha pili, na yule mwenye kalamu akicheka upya. Nikachukua karatasi nyingine. Nikainakili yote, salamu, radhi, mtu asiye na elimu, na nilipofika kwenye maneno yanayonihusu mimi nikayaruka. Badala yake sikutia chochote. Jina la Baba niliandika mwenyewe, maana herufi zile nami nilifunzwa, na ukitazama huwezi kujua. Ile aliyoitia sahihi niliikunja nikaificha ndani ya daftari. Kisha nikavaa buibui, nikaenda mpaka kwenye sanduku la posta, nikaitumbukiza hiyo ya kwangu. Nilipofika nyumbani Baba alikuwa ameamka, anakunywa chai. Akauliza kama imekwenda. Nikamwambia imekwenda.